Konzi Moja ya Chumvi

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wakati uko Mlingotini, umekwenda kumuaga shangazi yako Saada, nami nimebaki na sanduku lako lililofungwa na sufuria ya mchuzi jikoni. Alasiri imeshapita. Najua shangazi yako hatakuachia mpaka ule, uombewe dua, na uambiwe mara saba usimwazime mtu kandambili zako. Kwa hiyo mambo ya kandambili, na chandarua, na wanaume wa Morogoro, namwachia yeye. Ana pumzi ya kuyasema. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo miaka kumi na moja, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Uvumilie mwandiko. Vidole hivi vilianza kupasuka kwa chumvi kabla sijakuzaa, na mara ya mwisho kuandika ukurasa mzima nilikuwa darasa la saba.

Kesho gari litakupitisha Msata na Lugoba mpaka Chalinze, na kabla ya Adhuhuri utakuwa chuoni Morogoro, mwanafunzi wa uuguzi. Siku moja mwalimu ataingia darasani achore duara ubaoni, aseme hii ni seli. Atatia vidoa ndani na vidoa nje. Kisha ataandika yale maneno matatu uliyonifundisha wewe mwenyewe: haipotoniki, isotoniki, haipatoniki. Wenzako watayanakili ili wafaulu mtihani. Wewe utaketi pale umfikirie mdogo wako Mwantumu, na utaamini kuwa wewe ndiye uliyemuua.

Si wewe. Ni mimi.

Nimeandika hivyo upesi kabla moyo haujageuka. Sasa nivumilie nikueleze ilivyokuwa, maana ulikuwa na miaka saba, na yale unayoyakumbuka nusu yake nilikupandikiza mimi.

Masika yalikuwa yamekaza. Unajua masika kwetu kazi hulala: majaruba ya chumvi yanajaa maji ya mvua, hakuna cha kukwangua, na chumvi iliyobaki inakaa kwenye viroba nyuma ya mlango inatoa maji. Baba yako alikuwa Pangani, kwa mjomba wake aliyekuwa mgonjwa. Mwantumu, miaka miwili na nusu, akashikwa na tumbo la kuhara. Nikampeleka zahanati. Muuguzi, binti mdogo tu wa kutoka bara, akanipa pakiti mbili za dawa ya kuchanganya na maji, akanifundisha na la kufanya zikiisha: maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Akanionyesha kwa kidole namna ya kukisawazisha kijiko kisiwe na kilima. Nikamwitikia vizuri. Moyoni nikamcheka.

Nilimcheka kwa sababu nilikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa cha chumvi. Bibi yako alikuwa mkwangua chumvi, na mama yake vilevile. Wenzangu kule shambani wakitaka kujua kama maji ya jaruba yameiva, hutumbukiza yai waone kama litaelea. Mimi nilikuwa natazama tu, nasema bado siku mbili, na inakuwa siku mbili. Nyumbani kwetu hakuna aliyepima chumvi kwa kijiko. Tulipima kwa konzi, na tukapatia. Leo nije nifundishwe nusu kijiko?

Pakiti zikaisha siku ya pili. Nikachanganya kama nilivyoambiwa, na tumbo halikusita. Hapo nikaanza kufikiri, na fikira zenyewe zilikuwa za mtu wa chumvi. Samaki anayetaka kuoza tunamtia chumvi, anakauka. Kidonda kinachotoa maji tunakiosha kwa maji ya chumvi, kinakauka. Basi na tumbo linalomwagika, nikajiambia, likipata chumvi ya kutosha litakauka. Nikatia mkono kwenye kiroba, nikatoa konzi ndogo, nikaitumbukiza kwenye jagi. Nikaongeza na sukari ili mtoto asikatae. Kisha nikakupa wewe mwiko, nikakwambia koroga.

Ukakoroga. Ulikuwa mtoto mtiifu. Ulipomaliza ukalamba mwiko, kwa kuwa ulijua mna sukari, uso ukakukunjamana.

"Mama, mbona kali? Kama maji ya jaruba."

"Nyamaza. Nani kakufanya daktari?"

Ndivyo nilivyokujibu, Rukia. Kama umesahau, mimi sijasahau hata siku moja, na barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, jirani zetu wakapiga vigelegele, mimi nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikikuuliza nani kakufanya daktari.

Mwantumu akanywa. "Maji, mama," akasema. Nikampa. Akatapika kidogo, akaomba tena. "Maji." Nikampa yaleyale. Kila alivyoomba nikafurahi, nikidhani dawa imemkolea na mtoto anarudi. Ilipofika jioni alikuwa analia bila machozi, na mikono ikaanza kumshtuka-shtuka. Nikamfunga mgongoni, jagi ukalibeba wewe, tukakanyaga matope mpaka zahanati.

Yule muuguzi alichovya kidole kwenye jagi, akaonja, akatema. Akanitazama.

"Mama, maji haya chumvi imezidi mno. Yamemkausha mtoto. Nani kachanganya?"

Ulikuwa umesimama karibu yangu, umeshika upindo wa kanga yangu. Nikakuelekezea kidole.

"Huyu hapa. Miye nilikuwa nafua, nikamwachia yeye."

Sikuwa nafua. Mvua ile nani angefua?

Ulininyanyulia macho, na ninaapa niliona ndani yake kwamba unajua, kwamba unakumbuka konzi na kiroba na vyote. Kisha ukainamisha kichwa. Mtoto wa miaka saba akiona mama yake anasema hivi na kumbukumbu yake inasema vile, humwamini mama. Tena mwiko ulikuwa umeushika wewe kweli, kwa hiyo uwongo wangu ulipata pa kushikilia. Muuguzi akachuchumaa, akakushika bega. "Si kosa lako, mwanangu. Wewe mdogo." Alikusudia wema, lakini nadhani neno lile ndilo lililokugongelea msumari, kwa sababu hakuna anayemwambia hivyo mtu ambaye hakuguswa na kosa.

Wakamtundikia dripu, wakahangaika kutafuta mshipa, wakatupakia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali. Kabla ya adhana ya Alfajiri Mwantumu alikuwa amekwenda kwa Mola wake.

Kwa nini nilisema vile? Nimekuwa na muda mrefu wa kujiuliza na sina jibu la kunipendezesha. Niliogopa. Niliogopa baba yako, nikaogopa bibi yako mzaa baba, nikawaogopa wanawake watakaojaa kwenye mkeka wa matanga. Mwanamke aliyemuua mwanawe kwa chumvi, tena mjuzi wa chumvi! Nikaona wewe ukitajwa watakuhurumia, mimi nikitajwa watanisema. Nikakutanguliza mbele yangu, kama mtu anayejikinga mvua kwa mtoto wake.

Baba yako aliporudi, wanawake walishamweleza. Hakukugusa wala kukusemesha kwa ukali. Alichukua kopo la chumvi pale lilipokaa siku zote, karibu na jiko, akalipandisha juu kabisa ya kabati, usipofika. Ulikuwa umesimama mlangoni ukamwona. Na mimi nikakuona wewe ukimwona.

Tangu siku ile hujawahi kutia chumvi katika chakula. Ulijifunza kupika ukiwa na miaka tisa, na mkono wako mtamu kuliko wangu, naomba shangazi yako asinisikie. Unakuna nazi, unakaanga vitunguu, unajua wali ukihitaji moto au ukihitaji kuachwa. Lakini ikifika hapo utasikika, "Mama, njoo utie chumvi." Umekuwa mrefu kuliko kabati, na bado, "Mama, njoo utie chumvi." Shangazi yako anakutania kuwa mumeo atakula mchuzi chapwa mpaka azeeke. Unacheka. Wote wanacheka. Mimi huinuka, natia chumvi, narudi kukaa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilipata nafasi ya kusema. Baba yako alipokuwa kitandani, ugonjwa ule uliomchukua, aliniita siku moja mchana ukiwa shule. "Mama Rukia," akasema, "yule mtoto asije akakumbushwa mambo ya mwenziwe. Alikuwa mdogo, pengine kasahau. Tumwache hivyo hivyo." Mlango ulikuwa wazi kabisa, Rukia. Ningesema maneno mawili tu. Nikasema, "Haya, baba Rukia," nikaurudisha. Amekufa akikuonea huruma kwa kosa langu. Hilo halitengenezeki tena duniani, na ndilo linaloniuma kupita yote.

Halafu ikaja ile Jumapili ya viazi.

Ulikuwa kidato cha tatu. Ukasema mwalimu kawaambia mjaribu nyumbani wenye uwezo. Ukakata kiazi mbatata vipande vitatu vilivyolingana, ukaweka vikombe vitatu juu ya meza. Cha kwanza maji matupu. Cha pili maji yenye chumvi kidogo. Cha tatu maji yenye chumvi kali. Chumvi ukaniachia mimi niitie, kama kawaida yako, na mara hii ukanipimia kwa macho bila kunitazama usoni. Tukaenda kupalilia mihogo. Tuliporudi ukavitoa kimoja kimoja ukanipa nivishike. Cha maji matupu kilikuwa kigumu, kimenenepa. Cha pili kilikuwa vile vile kama tulivyokiacha. Cha tatu kilikuwa kimelegea. Nilikishika ncha moja, ile nyingine ikaning'inia.

"Maji yametoka ndani yake, mama," ukasema. "Seli ina ngozi nyembamba. Maji yanapita, chumvi ndiyo haipiti kirahisi. Sasa chumvi ikizidi nje, maji ya ndani yanaifuata huko huko. Nje haipatoniki, seli inanywea. Nje ikiwa na chumvi pungufu kuliko ndani, hiyo haipotoniki, maji yanaingia, seli inavimba. Zikiwa sawa ni isotoniki, maji yanaingia na kutoka kwa kadiri moja, seli inabaki ilivyo."

Nikakuuliza, nakumbuka, maji ya chumvi kiasi gani ndiyo yanaitwa hivyo, haipatoniki. Ukacheka kidogo, ule ucheko wako wa mwalimu.

"Hayana kiasi chake, mama. Neno lenyewe ni la kulinganisha. Maji haya haya yanaweza kuwa makali kwa seli hii na mapungufu kwa seli nyingine. Lazima uulize kwanza, ndani mna nini?"

Kisha ukaongeza kuwa kiazi kina ukuta unaokishika kisipasuke, lakini chembe ya damu haina. Ukiitia kwenye maji matupu inavimba mpaka ipasuke. Ndiyo maana dripu haiwi maji matupu, ina chumvi iliyolingana na ya damu. Ulisema neno dripu kwa sauti ya chini. Nikaweka kile kipande mezani nikatoka uani, nikakwambia nakwenda kuanua nguo.

Siku ile ndipo nilipojua. Kabla yake nilijua chumvi ilizidi, kama mtu anavyojua kuwa pigo lilikuwa zito. Sikujua ilifanya nini. Sasa nikaelewa kwa nini alikuwa anakunywa na kiu inazidi. Kila kikombe nilichompa kiliyavuta maji yake mwenyewe yatoke, yaende kwenye chumvi yangu. Alikuwa ananiomba maji nami nikawa nayachukua yake. Nililia nyuma ya choo mpaka kanga ikalowa, na niliporudi ulikuwa umeshaosha vikombe vyote vitatu na kuvipanga. Macho yako yalikuwa mekundu.

Hapo tena ningesema. Sikusema.

Badala ya kusema nikakupenda kwa fujo. Ulidhani sijui kuwa wenzako walikuwa wanachapwa kwa makosa ambayo wewe ulikuwa unapewa andazi? Sikukukemea, sikukukatalia, nikakufunika kwa upole bila kipimo, na niliona haukunenepeshi moyo. Ulikuwa unapokea kila kitu kama mtu anayepewa rambirambi. Huwezi kumlipa mtoto kwa sukari jina ulilomwibia. Pengine maji matupu nayo yana namna yake ya kuumiza.

Sijui mengi, lakini nimekaa na maneno yako matatu tangu Jumapili ile, jarubani na jikoni, na lile la kulinganisha ndilo linalonirudia. Nilikuwa naijua chumvi kuliko mtu yeyote upande huu wa Bagamoyo. Ambacho sikukiuliza ni mtoto ana nini ndani. Muuguzi aliuliza, alimpima, akamtazama macho na ulimi, ndipo akasema nusu kijiko. Mimi nilitazama chumvi peke yake. Na hata leo, nikikuona umenyamaza, natamani kutia langu kabla sijajua wewe mwenzangu una nini ndani. Ndiyo maana nimekuandikia, ili usome bila uso wangu mbele yako ukikuomba kitu.

Itafika siku utakuwa na gauni lako jeupe, na mama mmoja ataingia amebeba mtoto aliyekauka, na jagi mkononi. Utaonja, na utajua. Sikufundishi kazi yako. Nakwambia tu kile ninachokijua kutoka upande wa pili wa meza: mama yule ana hofu kiasi cha kumuuza mtoto wake mwingine. Muulize kachanganya vipi kabla hujamuuliza nani. Simlaumu yule binti wa bara, Mungu amjaalie, alifanya kazi yake na mdomo uliojibu ulikuwa wangu. Lakini nimewaza mara nyingi, kama ningepewa dakika moja tu ya kupumua, labda ningesema kweli. Labda nisingesema. Nakuachia uwaze wewe.

Sikuombi unisamehe kwa sababu kesho unaondoka. Hiyo nayo itakuwa kukulazimisha. Ukitaka kupanda gari bila kunipa mkono, nitabeba sanduku lako mpaka stendi nikae pembeni. Na watu wakija hapa nyumbani wakaniuliza, nitawaambia. Kwa shangazi yako nitakwenda mwenyewe Ijumaa, kwa miguu yangu, nimweleze nani alitia chumvi. Najua atakachonifanya. Mwache anifanye.

Jambo la mwisho. Umeishi miaka yote hii ukidhani mkono wako hauna kipimo. Rukia, siku ile katika nyumba ile alikuwamo mtu mmoja tu aliyepatia, naye alikuwa na miaka saba. Muuguzi aliyesomea alionja jagi lile baadaye akasema neno lilelile ulilosema wewe ukiwa na mwiko mdomoni. Ulijua. Ulisema. Aliyekosa ni aliyekunyamazisha.

Barua hii nitaiweka mezani jikoni, juu yake kopo la chumvi. Nimelishusha kule kabatini leo. Pale lilipokuwa likikaa pamebaki duara katika vumbi la miaka. Utaikuta ukiingia. Mimi nitakuwa uani, na sitakuita, soma mpaka umalize, na ukitaka kukaa kwanza kaa.

Mchuzi ni wa changu, na tui lake zito. Kila kitu kimo isipokuwa chumvi. Ukiweza, itie wewe. Usipoweza, tutakula chapwa, hakuna atakayekufa. Ila ukionja ukaona imepungua au imezidi, toka uani uniambie. Safari hii nitasikia.

Mama yako,
Mwajuma